Tazameni Vumbi Kabla ya Kupuliza

Zainabu na Petro, wajukuu zangu wa kazini, mliniomba niwaachie maneno. Nilidhani mnataka baraka, kumbe mnataka kujua kwa nini mashine ya yule wakili joto lake linafika digrii tisini. Basi nimeandika. Nimeandika kwa mkono kwenye daftari la mistari, na mjukuu wangu Tumaini, ambaye yuko kidato cha tatu na ana akili kuliko ukoo mzima, ndiye aliyechapa. Nilimwambia asinirekebishe. Amerekebisha kidogo, nimemwona.

Habari za mshahara sitaandika, wala nani alipanda cheo. Kwenye karakana ile vyeo havikuwepo. Alikuwepo Fundi Eliya, halafu sisi wengine. Nitaandika joto. Miaka kumi na minane nimefanya kazi ya joto la kompyuta, na kabla ya hapo nilifanya kazi ya joto la jiko, na nawaambia hazipishani sana. Nitaandika pia kisa cha Rehema wa Nzuguni, binti aliyekuwa amebakiza siku mbili tu mashine yake ipone, la sivyo baba yake ampakie kwenye lori akapime mahindi Kibaigwa. Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nafundishwa tu.

Niliingia pale kama mfagiaji. Darasa la nne nilimaliza, la tano nikaliona dirishani. Kwetu ni mbele ya Buigiri, na Fundi Eliya alipojua ninatoka huko alinisalimia "Mbukwa" kwa Kigogo, nikajua nimefika kwa mtu. Akaniambia maneno mawili: fagia sakafu, usiguse meza. Nikafagia. Nikafagia kama nyumbani, kwa nguvu, ufagio mkavu, mwezi wa saba, mnajua vumbi letu la mwezi wa saba lilivyo. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta nne zimefunuliwa matumbo. Aliporudi kutoka kunywa chai vumbi lilikuwa bado linaning'inia hewani kama moshi wa kuni mbichi, na mimi nimesimama katikati yake na ufagio, nimeridhika.

Hakunifokea. Alininyang'anya ufagio, akauegemeza nje ya mlango, akaniletea ndoo na tambara. Akasema, "Mama, humu ndani vumbi halifagiliwi. Linakamatwa." Kisha akakaa akasafisha zile mashine nne, moja baada ya nyingine, mpaka jioni, na mimi nikimshikia taa. Ndiyo siku yangu ya kwanza. Mkimcheka mtu mpya, kumbukeni.

Joto nilianza kulijua kwa mkono. Fundi alikuwa na kipimo chake na namba anazosoma kwenye kioo cha kompyuta, mimi nikawa napitisha mgongo wa mkono nyuma ya kasha, pale hewa inapotokea, huku nafuta meza. Siku moja nikasema kwa sauti, hii leo imekasirika. Akatazama namba, themanini na nane. Akanitazama mimi. Kuanzia hapo ukawa mchezo wetu, nataja kwa mkono, anasoma kwenye kioo, na nikikosea nakosea kwa tano. Alisema mkono ni mzuri, tatizo huwezi kuuandika kwenye karatasi ya mteja. Basi akanifundisha namba, nami nawapa kama alivyonipa.

Prosesa, ule ubongo wa mashine, ikiwa imetulia, haifanyi kitu, ikae kwenye thelathini na kitu au arobaini. Mwezi wa kumi, chumba chenyewe kikiwa tanuri, hata hamsini usishtuke, maana chumba kikipanda digrii kumi na yenyewe inapanda karibu hizo hizo. Ikifanya kazi ngumu, sitini na sabini ni salama, lala usingizi. Ikiingia themanini, anza kuuliza maswali. Themanini na tano ni mahali pa kupita, si mahali pa kukaa. Tisini, simamisha kazi utafute sababu. Ikifika tisini na tano kwenda mia, prosesa nyingi zinaanza kujipunguzia mwendo zenyewe, na zikishindwa zinazima. Kila moja ina kikomo chake, kimeandikwa na walioitengeneza, someni. Mteja atakuja amesema mashine imekufa. Mwambieni haijafa, imejiokoa.

Sasa hii ovakloki ya vijana. Prosesa inazaliwa na mwendo wake. Kijana anaingia kwenye mipangilio, anaiongezea mwendo, halafu anaiongezea umeme ili iuweze ule mwendo, na huo umeme ndio unaoleta moto. Mwendo unaongezeka kidogo, joto linaongezeka sana. Sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe nimelea watoto sita kwa mwendo mkubwa kuliko niliozaliwa nao. Ila ukiikimbiza, ipoze, na ukiipoza, pima. Yule mwanafunzi wa chuo aliyetoa ubavu wa kasha akaweka feni ya mezani ipulize ndani, alidhani ameipoza. Kwa hapa kwetu alikuwa amelikaribisha vumbi mezani na kulipa kijiko.

Namna nilivyofika kwenye meza yenyewe ni hivi. Kazi ikipungua nilikuwa nakaa mlangoni nafuma vitambaa, vile vya kuweka juu ya kabati na redio. Fundi Eliya alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Hakusema, nami sikuuliza. Niliona tu kwamba akifika kwenye pesti, ile dawa nyeupe inayokaa kati ya prosesa na bati lake la kupozea, anavuta pumzi kwanza, na bado inamwagika pembeni. Siku moja alinitazama muda mrefu nikifuma.

"Mama Yuditi, hiyo sindano unaishikaje haitikisiki?"

"Naishika tu."

"Njoo hapa."

Akanipa bomba la pesti. Akaniambia niweke punje moja katikati, kama kunde changa, nisipake kama siagi. Nikaweka. Akanionyesha kuteremsha bati taratibu na kukaza skrubu kwa msalaba, hii kidogo, ile ya ng'ambo kidogo, kama nati za tairi, ili lisilale upande. Tukaiwasha. Sitini na tisa. Hakunipongeza, alikwenda kunawa mikono tu, akakaa huko muda. Kuanzia siku ile yeye alikuwa akili na mimi mikono. Wateja wakiwepo alikuwa anasema, "Mama, hebu malizia hapo, nina simu," na simu ilikuwa haijalia.

Vifaa vyangu mnavijua, nimewaachia kwenye sanduku. Spiriti ya kufutia pesti ya zamani, kitambaa kisichotoa nyuzi, brashi ya viatu ambayo haijawahi kuona kiatu. Kile kijiti cha mshikaki msikitupe, ni cha kuzuia feni isizunguke unapoipuliza na blowa, ile mashine ya kupuliza vumbi, maana ikizungushwa kwa nguvu inaharibika, na mimi nimeharibu mbili. Kiangazi gusa chuma kabla ya kugusa ubao wa mashine, mwili wetu unajaa umeme kwa ukavu huu. Na kabla ya kufunga bati jipya, ondoa ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa chini yake. Petro, sitasema kitu.

Basi Rehema.

Rehema alikuwa anachora nyumba. Mji huu unajengwa kila upande, na mtu anataka aione nyumba yake kabla ya kumwaga msingi. Yeye anachora ramani, halafu anaiambia kompyuta itengeneze picha, na ukuta, na kivuli, na ua la mlangoni, mpaka unadhani imepigwa na kamera. Wenyewe wanasema kupika picha. Picha moja inapikwa saa nne, saa tano, na muda wote huo mashine inakimbia peke yake kwa nguvu zake zote bila mtu kuigusa. Ndiyo maana alitaka ikazwe mwendo, na aliyeikaza ni Fundi Eliya mwenyewe. Kwa hiyo ilipoanza kuzimika, lilikuwa jambo letu.

Mara ya kwanza aliileta akisema inajizima katikati ya picha. Tukaipuliza nje mlangoni, kama sheria yetu ilivyokuwa, imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: PULIZA KWANZA. Tukafungua, nikabadilisha pesti, tukaikimbiza saa mbili. Sabini na nne. Nzuri, akaondoka nayo. Baada ya wiki akarudi, vile vile. Tukaipuliza, Fundi akaipunguzia umeme kidogo, tukaweka feni mpya kama ile tuliyoiweka tulipoikaza mwendo, ya kisasa, isiyo na sauti kabisa. Fundi aliipenda ile feni. Alikuwa anawaambia wateja mashine zake hazipigi kelele, utadhani zimelala. Sabini na mbili. Akaondoka nayo.

Mara ya tatu aliingia ilikuwa Jumatano. Aliweka kasha juu ya meza, akakaa kwenye benchi, akatazama miguu yake. Baadaye ndipo akakumbuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Imezima tena?"

Ilikuwa imezima tena, na safari hii ikiwa na kazi kubwa ya kwanza maishani mwake, picha sita za nyumba ya wageni, mwenyewe anazitaka Jumamosi. Alikuwa na moja. Akatueleza la baba yake. Baba alikuwa na ghala Kibaigwa, ananunua na kuuza mahindi, na Rehema ndiye mtoto wake pekee aliyekuwa na kichwa cha hesabu. Alikuwa amemvumilia tangu amalize chuo. Sasa alikuwa amesema lori lake linakuja mjini, linarudi Ijumaa, na kama hiyo mashine itakuwa bado inamliza, apande akakae kwenye mzani. "Anasema mahindi hayajizimi," Rehema akasema. Nikamwona anajaribu kutabasamu, ikashindikana.

Si kwamba baba alikuwa mbaya. Wiki tatu anasikia mtoto analia kwenye simu, mzazi gani angemwacha humo?

Fundi Eliya akachukua blowa, akabeba kasha kuelekea mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa jua. Nikaona kifuniko cha juu cha lile kasha, na nikasema, "Fundi, usipulize."

Miaka yote sikuwahi kumwambia usifanye hivi. Akasimama na kasha mkononi.

Juu ya kifuniko kile kulikuwa na maua. Maua ya vumbi, wajukuu zangu. Duara lenye petali nane, na jingine, na jingine, yamepangwa mstari hadi pembeni, vumbi jekundu juu ya bati jeusi, safi kama limechapwa. Mwanaume angeona uchafu. Mimi nimeyafuta maua yale maisha yangu yote, juu ya redio, juu ya kabati la vyombo, juu ya sanduku la marehemu mama. Ukiweka kitambaa cha kufuma juu ya kitu, vumbi linapita kwenye matundu, na siku ukikiinua linabaki pale linakuonyesha ulivyofuma. Nikainama kwenye matundu ya juu, pale feni inapotolea hewa. Kulikuwa na nyuzi mbili nyeupe za pamba zimenasa.

Mara mbili maua yale yaliingia kwetu na mara mbili tuliyapuliza mlangoni kabla hata kasha halijagusa meza. Vumbi kwetu lilikuwa adui, na adui humuulizi habari.

Nikamuuliza Rehema nani anaifunika. Akasema hakuna. Mama yake aliwahi, lakini alishamwambia asiifunike ikiwa inawaka, na mama anasikia, anaifunika ikiwa imezimwa tu. Nikamuuliza, ukiweka picha ipikwe, kioo unakiacha? Akasema hapana, anakizima ili kisile umeme, anakwenda zake mjini kuonana na wateja.

Kioo cheusi. Feni isiyo na sauti, ile Fundi aliyoipenda. Ungekuwa wewe ni mama yake, ungesema inawaka?

Sikumwambia pale. Huo ndio uamuzi wa kazi ninaojivunia kuliko namba zote nilizozishusha. Ningemwambia, angekwenda nyumbani mdomo ukiwa wa moto, na mama angeambiwa na mtoto wake mwenyewe kwamba yeye ndiye muuaji. Nikamwambia kesho nitakuja Nzuguni kupima joto la chumba, arudi na mashine nyumbani, aweke picha kama kawaida, aende mjini kama kawaida. Fundi Eliya alinitazama kwa jicho moja, akasema, "Mwache Mama aende." Blowa akaiweka chini.

Alhamisi mchana nikafika. Mama Rehema ni Mrangi wa Kondoa, mwembamba, kanga imefungwa vizuri, mtu wa rika langu. Alinipokea kama ndugu. Nyumba ilikuwa inang'aa na kila kitu kilikuwa na nguo yake. Kochi lilikuwa na kitambaa mgongoni na mikononi, meza ilikuwa nacho, hata redio ilikuwa imevalishwa. Nikamsifia mkono wake, na haukuwa uongo, petali nane bila kukosea ni kazi. Akafurahi. Akasema kile kikubwa pale pembeni alikifuma mwezi ule kompyuta ilipoingia nyumbani. "Nikasema, mtoto ameleta kitu cha maana, kisikae uchi."

Rehema akaweka picha, akazima kioo, akaaga, akaondoka. Mama yake akawa ananihadithia habari za shamba la Kondoa, na huku anahadithia, mkono ukaenda wenyewe. Ulichukua kile kitambaa, ukakikung'uta, ukakitandika juu ya kasha, ukanyoosha pembe mpaka kikashuka mbele na nyuma. Kilikuwa kizito, pamba mbili, kimewekewa bitana ndani ili kidumu, nusu tu ya maua ndiyo ilikuwa wazi. Nilisubiri amalize sentensi. Kisha nikawasha kioo.

"Kumbe inawaka?" akasema.

"Inafanya kazi. Kilicholala ni kioo tu."

Nilikuwa nimeiweka namba pembeni, kubwa, tuione wote. Nikamwambia hiyo ndiyo joto lake, na ikifika mia ni maji yanayochemka. Kisha nikamwambia, tukae.

Ilikuwa sabini na tano. Ikawa sabini na tisa. Akauliza kama ni mbaya, nikasema bado. Themanini na tatu. Akaacha kuhadithia. Themanini na nane. Mama Rehema hajasoma sana, kama mimi, lakini namba anazijua, amekaa na muuza mahindi miaka mingi. Tisini na moja. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nikiondoe kitambaa mwenyewe, maana sikwenda kuiua mashine ya mtu ili nitoe somo. Tisini na mbili, akainuka kabla yangu, akakivuta kile kitambaa kwa mikono miwili, kama unavyomfunua mtoto uliyekuta blanketi limemfunika uso.

Namba ikasimama. Tisini. Themanini na sita. Ikawa inashuka polepole, na yeye amesimama, kitambaa kimeshikwa kifuani.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Sijui."

"Sema tu, Mama Yuditi."

"Kila ilipozimika, nadhani."

Akakaa. Akasema alikuwa anarudi kukitoa akisikia geti, ili Rehema akute meza yake wazi, kama unavyomtolea mtu shuka ya juu kitandani. Akasema, "Mtoto amelia wiki tatu ndani ya nyumba hii. Na mimi ndiye nilikuwa namchemshia chai anywe anyamaze."

Nikamshika goti. Nikamwambia feni tuliyoweka sisi ndiyo ilikuwa kimya mno, na tulipuliza ushahidi mara mbili, kwa hiyo nitasema kosa ni la karakana. Nilimaanisha. Nusu yake ilikuwa kweli, na nusu nyingine ningeibeba.

Hapo lori likasimama nje.

Baba Rehema aliingia na unga wa mahindi kwenye nyusi. Mtu mkubwa, anajaza mlango. Alikuja siku moja kabla ya ile Ijumaa. Akanisalimia vizuri, akamuuliza mkewe Rehema yuko wapi na vitu vyake viko tayari au bado. Halafu akanigeukia. "Wewe ndiye fundi? Hiyo imekufa au haijafa?"

Nikaanza kumwambia haijafa, na kwamba kosa lilikuwa letu kule karakana. Mkewe akanikatiza.

"Usiseme hivyo, Mama Yuditi. Baba Rehema, ni mimi. Nilikuwa naifunika."

Nilimtazama yule mwanaume usoni, na nawaambia ukweli, niliogopa. Si kupigwa, hakuwa wa hivyo. Niliogopa acheke. Angecheka mara moja tu, yule mama asingefuma tena, na Rehema angepanda lori kwa aibu ya wote wawili.

Akauliza kufunika kuna ubaya gani. Nikamwambia aje aweke mkono nyuma ya kasha, mgongo wa mkono. Akainama, akaweka. Hewa ilikuwa bado ya moto. Nikamwekea kitambaa juu, namba ikaanza kupanda, nikakitoa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikaa na mkono wake pale nyuma muda mrefu, nikakumbuka wenye maghala wanavyotia mkono ndani ya gunia kusikiliza kama mahindi yana joto.

"Kama gunia bichi chini ya turubai," akasema.

"Hivyo hivyo."

Akamgeukia mkewe. "Unayakumbuka yale ya mwaka ule? Yaliyooza ghala zima?"

"Nayakumbuka."

"Nani aliyafunika?"

"Wewe. Ulisema mvua inakuja."

"Ilikuja?"

"Haikuja."

"Basi," akasema. Akavuta stuli ya plastiki, akakaa mbele ya kioo.

Nikamwonyesha namba. Nikamwambia themanini uliza, tisini simamisha. Akasema ameelewa, niende nikanywe chai na mwenzangu. Tukanywa chai. Kila tukichungulia alikuwa pale pale, mikono juu ya magoti, kofia juu ya meza, kama yuko kwenye mzani na kuna mtu anataka kumwibia.

Rehema alirudi alasiri. Alisimama mlangoni na mkoba begani, na kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa mimi wala mama yake, kilikuwa mashine. Kisha akamwona baba yake.

"Ilipanda sabini na tisa saa nane," baba akasema bila kugeuka. "Nikafungua dirisha la upande ule. Sasa ni sabini na tano. Hii nyumba ya nani ina milango mingi hivi?"

Picha ilikuwa imeiva.

Mama yake alimwambia mwenyewe, palepale, akiwa amesimama, bila kuzunguka. Rehema alikaa chini sakafuni. Nikadhani analia, kumbe ni kicheko, cha mtu aliyechoka, kinachotoka na machozi. Akasema, "Mama, mimi nimemshitaki Fundi Eliya kwa Mungu swala tano, wiki tatu." Nilipomfikishia Fundi salamu hizo alisema ndiyo maana goti lilikuwa linamsumbua.

Ijumaa lori liliondoka na baba na magunia matupu. Picha sita zilipokelewa Jumamosi.

Jumatatu yake Fundi Eliya alinikuta nimeshikilia kalamu ya wino mzito chini ya ile sheria ya ukutani. Alichukua kalamu, akafuta PULIZA kwa mistari miwili, kisha akanirudishia, kwa sababu ya mikono yake, akaniambia niandike mimi. Ndiyo maana herufi zile zimepinda. TAZAMA KWANZA. Msizipake rangi.

Na tangu hapo nikawa nauliza, nanyi ulizeni, hata mkionekana wambea. Mashine inakaa chumba gani? Nani anafagia, na anafagia saa ngapi? Kuna nini juu yake, nyuma yake imeachwa nafasi ya kiganja au imebanwa ukutani? Nani mwingine anaipenda humo ndani? Hilo la mwisho wanashangaa nikiuliza. Lakini nimefungua mashine nyingi zilizochemka, na zile zilizoharibiwa na mtu asiyezijali ni chache. Nyingi ziliwekwa kwenye kabati zisiibiwe, zikasukumwa kona zisigongwe na watoto, zikafunikwa zisipate vumbi. Mnapomwambia mwenye kosa, mwambieni kwa namba, mkae naye mpaka aione mwenyewe. Msimwambie mbele ya watu.

Mwezi uliopita, nilipokuwa naaga wateja wa zamani, nilipita Nzuguni. Rehema sasa ana mashine mbili na binti anayemsaidia kuchora. Saa saba mchana simu ikalia, akaiweka ili wote tusikie.

"Leo ngapi?" sauti ikauliza.

"Sabini na nne, baba."

"Na mama yako?"

"Yupo, anafuma."

"Haya." Ikakatika.

Rehema akaniambia anapiga kila siku saa hiyo, akishafunga mzani. Haulizi habari za kazi, haulizi wateja, anauliza namba, na akishaisikia anarudi kwenye mahindi yake. Nikamuuliza, na siku ukimwambia tisini?

"Nilimtania hivyo mara moja, bibi," akasema. "Nikamwambia tisini na mbili. Simu ikakatika. Alasiri hiyo hiyo lori likaingia hapa, tupu, halina gunia hata moja, na feni mpya ya ukutani imefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele."